Kwa Nini Pombe "Hupikwa"? Historia Fupi ya Kuchemsha Togwa

Utangulizi

Tunapofundisha vitenzi vya Kiswahili kwa wanafunzi wa Rwanda na Burundi, hatuna budi kueleza tofauti moja ndogo yenye historia ndefu. Kinyarwanda na Kirundi hutumia kitenzi kimoja, kwenga, kwa urwagwa wa ndizi na kwa ikigage cha mtama. Kiswahili kinatenganisha: tembo la mnazi hugemwa, lakini pombe ya nafaka hupikwa. Makala haya yanakitazama kitenzi hicho cha pili. Je, moto una kazi gani katika pombe? Na je, pombe imepikwa tangu zamani?

Togwa na kimea

Kwanza tukubaliane kuhusu istilahi. Nafaka ikilowekwa ikaota, kisha ikakaushwa, huitwa kimea. Neno hili linatokana na kitenzi kumea, na msomaji wa Kinyarwanda atamtambua ndugu yake mara moja: kumera, na amamera ya mtama. Kimea kikisagwa na kulowekwa katika maji ya moto, wanga wake hugeuka sukari na maji huwa matamu. Maji hayo matamu, kabla hayajachachuka, ndiyo tutakayoyaita togwa katika makala haya. Yakitiwa hamira, au umusemburo, huwa pombe.

Tukumbuke kwamba togwa huhitaji maji ya moto tu, haihitaji kutokota. Urwagwa nao hauhitaji moto kwa maji yake ya ndizi: ndizi mbivu hupondwa pamoja na majani, maji yake hukamuliwa, kisha huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa. Kwa hiyo kutokota ni hatua iliyoongezwa, nayo ina historia yake.

Kabla ya sufuria kubwa

Huko Ulaya ya Kaskazini, kwa karne nyingi watu wengi walitengeneza pombe ya shayiri bila kuichemsha togwa. Sababu mojawapo ni chombo. Sufuria kubwa ya chuma au shaba ilikuwa mali ya tajiri. Mwenye pipa la mbao hakuweza kuliweka motoni. Alichoweza ni kutumbukiza ndani yake mawe yaliyopashwa moto. Desturi ya kutochemsha haijafa hadi leo: katika baadhi ya vijiji vya magharibi mwa Norway, na katika pombe ya Ufini iitwayo sahti, togwa hutiwa hamira bila kutokoteshwa. Pombe hiyo ni nzito na tamu, lakini haikai muda mrefu.

Kuja kwa hopsi

Mabadiliko yaliletwa na ua chungu la mmea unaotambaa, hopsi. Mtawa wa Ujerumani, Hildegard wa Bingen (1098–1179), aliandika kwamba uchungu wa mmea huo huzuia vinywaji visiharibike. Katika karne ya 13 mji wa Bremen ulikuwa ukiuza nje pombe yenye hopsi, na katika karne ya 14 Hamburg ikawa maarufu kwa biashara hiyo. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria walitoa sheria iliyotaka pombe itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji peke yake. Hamira haikutajwa.

Hopsi ndiyo iliyolazimisha kutokota. Ua hilo likilowekwa katika maji ya uvuguvugu halitoi uchungu wa kutosha. Lazima lichemke kwa muda mrefu, mara nyingi saa nzima au zaidi, ili asidi zake zibadilike umbo na kuyeyuka katika togwa. Asidi hizo zilizobadilika ndizo zinazoleta uchungu na kuwazuia bakteria wengi wanaochachisha pombe.

Nani alifaidika?

Hapa ndipo historia inapogusa maisha ya watu. Nchini Uingereza, kabla ya tauni kubwa ya mwaka 1348, pombe isiyo na hopsi ilitengenezwa nyumbani, na watengenezaji wengi walikuwa wanawake. Ilichacha haraka, hivyo kila kijiji kilihitaji wapikaji wake. Mwanamke alipika, akatumia sehemu nyumbani na kuwauzia majirani iliyobaki.

Pombe ya hopsi iliingia kutoka Uholanzi na nchi jirani zake kuanzia mwishoni mwa karne ya 14. Hii iliweza kukaa, kusafirishwa na kuuzwa kwa majeshi na meli. Mwaka 1574 Reynold Scot, katika kitabu chake kuhusu kilimo cha hopsi, alionyesha kwamba kipimo kilekile cha kimea kilitoa pombe ya hopsi karibu mara mbili ya ile ya zamani. Lakini ilihitaji sufuria kubwa, kuni nyingi na mkopo. Mwanahistoria Judith Bennett, katika kitabu chake cha mwaka 1996, ameeleza jinsi biashara hiyo ilivyohamia mikononi mwa wanaume wenye mtaji, hata kufikia mwaka 1600 wanawake wakawa wachache. Hawakushindwa kwa ufundi. Walikosa mtaji na nafasi katika vyama vya wafanyabiashara.

Sayansi yafuata nyuma

Wapishi walijua faida ya kutokota kabla ya kujua sababu zake. Louis Pasteur alichapisha utafiti wake kuhusu pombe mwaka 1876, akaonyesha kwamba vijidudu ndivyo viharibuvyo. Leo tunaweza kuhesabu kazi za moto: huua vijidudu vilivyomo katika togwa, hugandisha protini ili pombe iwe safi, hutoa uchungu wa hopsi, na hufukuza mvuke wenye harufu ya mahindi ya kuchemsha unaotokana na kimea cheupe cha shayiri. Ndiyo maana mpishi wa nyumbani huambiwa asifunike sufuria, kwani mvuke ukirudi, harufu hurudi nayo. Baada ya hapo togwa ipozwe haraka, kwa sababu moto ukishaondoka, kijidudu chochote kitakachoingia kitakuta chakula tayari.

Hapa kwetu kuna jambo la ziada. Kigali iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Togwa inatokota, lakini uchungu wa hopsi hutoka polepole zaidi, hivyo muda sharti uongezwe.

Hitimisho

Kiwanda cha Bralirwa kilianzishwa Gisenyi mwaka 1957, na bia ya chupa ikaja na hopsi, sufuria kubwa na uwezo wa kukaa miezi. Ikigage, ambacho kimila ni kazi ya wanawake, hunyweka ndani ya siku chache. Tumezoea kuuita huo udhaifu. Historia ya Uingereza inatuonyesha upande wa pili: pombe isiyokaa ndiyo iliyobaki na mpishi wake, kwa sababu mfanyabiashara wa mbali hakuweza kuichukua.

Kazi kwa wanafunzi: Kiswahili kina vitenzi kuchemka, kutokota na kuchachuka. Tafuteni kwa wapikaji wa ikigage kijijini kwenu maneno wanayotumia kwa kila hatua, kuanzia amamera hadi umusemburo, muyalinganishe na ya Kiswahili. Mengi ya maneno hayo wanayo wanawake wazee, na kamusi zetu bado hazijayaandika yote.