Pishi Kumi za Tele: Kuusoma Wasia wa Wazee kwa Vipimo vya Leo

Miongoni mwa karatasi zilizovuka bahari pamoja na wazee wetu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 umo wasia wa babu yetu. Ameagiza kila Ramadhani zitolewe kwa mafakiri "pishi kumi za mchele, za tele". Sisi wajukuu tulio hapa Khuwair ya Kusini hununua mchele kwa kilo, na vijana wetu wameuliza: pishi ni kilo ngapi? Swali ni zito, kwani wasia ni amana.

Kwanza tujue kwamba pishi ni kipimo cha ujazo, si cha uzito. Karafuu ilipimwa kwa frasila, yaani ratili 35 hivi, karibu kilo 16. Nafaka ilipimwa kwa chombo. Vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Kibaba kilikadiriwa kuwa painti moja ya Kiingereza, yaani lita 0.57, basi pishi ni kama lita 2.27, na pishi kumi ni lita 22.7.

Lita moja ya mchele mkavu ina uzito wa takriban kilo 0.8. Hivyo pishi kumi hufika kilo 18. Lakini hesabu hiyo ni ya mfuto, yaani kipimo kilichosawazishwa mdomoni. Babu aliandika tele, kipimo chenye kichungu juu, na kichungu hutegemea upana wa chombo. Mwenye kutoa kilo 18 ameacha neno moja la wasia.

Mfano tunao katika zaka ya fitri. Pishi yetu ya vibaba vinne inafanana na saa ya Kiarabu yenye mudi nne, na ndiyo maana Waswahili husema fitri ni pishi moja. Saa nayo ni ujazo. Wanavyuoni wanapoigeuza kuwa kilo hutofautiana, kwa kuwa nafaka hazilingani uzito, na wengi huchagua kuzidisha kwa tahadhari.

Rai yangu kwa jamaa ni hii: tutoe kilo 25. Kilo 18 ni za mfuto, na saba zilizobaki ni za tele. Kikizidi kitu, kitakuwa sadaka yetu. Kikipungua, ni deni la marehemu. Mwenye kibaba cha zamani nyumbani, akijaze maji, ayapime, atuletee jawabu kabla ya Shaabani kwisha.