Kwa nini simu inataka kusasishwa: tundu la picha za WebP

Septemba 2023 Google iliziba tundu kwenye libwebp, kipande cha programu kinachofungua picha za WebP ndani ya Chrome, Android na programu nyingine nyingi. Picha iliyotengenezwa kwa hila ilijaza data kupita nafasi yake kwenye kumbukumbu ya simu, kama maji yanavyofurika jaruba na kuingia la jirani. Hapo mdukuzi hupenyeza amri zake. Taarifa ilitolewa tarehe 6, kiraka cha Chrome kikatoka tarehe 11, wadukuzi wakiwa tayari wanalitumia tundu hilo.

Wapo wasikilizaji wetu wa Sengerema wanaozima masasisho kuokoa bando, nasi tunawaelewa. Ila programu nyingi hubeba nakala zake za libwebp, hivyo sasisha zote, si Chrome pekee. Na simu ya zamani isiyopata tena masasisho ya mfumo? Laini ya pesa tungeihamishia kwenye kiswaswadu.