Wabenzi: Nyota ya Ncha Tatu Katika Nchi ya Pamba

Ndugu Mhariri aliponiomba niandike makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wa wahitimu, bila shaka alitazamia kwamba mwalimu mstaafu kama mimi angeandika juu ya watemi wetu, au juu ya asili ya ngoma za Bagika na Bagalu. Mambo hayo wenzangu wamekwisha kuyaeleza vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Nimeamua kuandika juu ya motokaa. Tena si motokaa yoyote, bali ile ya Kijerumani yenye nyota ya ncha tatu juu ya pua yake. Sisi tuliokua huku Mwamapalala katika miaka ya 1960, wakati Bariadi ingali sehemu ya Wilaya ya Maswa, tuliijua kwa sura mbili zilizopingana. Vijana walioko madarasani leo wanaijua kwa jina tu, na mmoja wao wa kidato cha pili aliniuliza kama Wabenzi ni kabila la mkoa gani. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali lake ni zuri kuliko alivyodhani.

Habari za mwanzo wa gari lenyewe nitazieleza kwa kifupi. Tarehe 29 Januari 1886, fundi mmoja wa mji wa Mannheim, Karl Benz, aliandikisha haki ya uvumbuzi wa gari la magurudumu matatu linalokwenda kwa injini ya mafuta. Watu hawakuliamini. Mwezi Agosti 1888 mkewe, Bertha, alilichukua bila kumwambia mumewe, akawapakia wanawe wawili na kwenda nalo hadi Pforzheim, mwendo wa kilometa mia moja hivi. Mafuta aliyanunua njiani katika duka la dawa. Wasichana wetu wasomao makala hii waikumbuke safari hiyo, maana mumewe alikuwa na hati mkononi, lakini aliyeuonyesha ulimwengu kwamba gari linatembea ni huyo mama.

Katika miaka hiyohiyo Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach walikuwa wakifanya kazi kama hiyo huko Cannstatt, karibu na Stuttgart. Daimler alifariki mwaka 1900. Wakati huo mfanyabiashara Emil Jellinek, aliyekuwa akiwauzia matajiri wa pwani ya Ufaransa magari ya Daimler, alidai atengenezewe gari jipya lenye nguvu zaidi, na lipewe jina la binti yake, Mercédès. Gari hilo lilipotokea mwaka 1901 liliwashinda wote mashindanoni huko Nice. Nyota iliandikishwa mwaka 1909, na ncha zake tatu ni nchi kavu, maji na anga, mahali ambapo injini za Daimler zilikusudiwa kutawala. Kampuni mbili hizo, ya Benz na ya Daimler, ziliungana mwaka 1926.

Pana jambo jingine ambalo wauzaji wa magari hawapendi kulitaja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kampuni hiyo ilikuwa mtumishi mwaminifu wa Hitler, na gari kubwa alilopandia kwenye gwaride lilikuwa la nyota hiyo. Kufikia mwaka 1944 karibu nusu ya wafanyakazi wake walikuwa watu walioshurutishwa: raia waliokamatwa katika nchi zilizotekwa, mateka wa vita, na wafungwa wa kambi za mateso. Mwaka 1988 kampuni ililipa marki milioni 20 kwa ajili ya hao walioonewa. Sifa ya uimara na sifa ya kuwabeba wakubwa, basi, zilikuwa zimekwisha kufungamana huko kwao kabla hazijafika kwetu.

Na zilifikaje kwetu? Wengi hudhani zililetwa na Uhuru. La. Tarehe 10 Agosti 1907 afisa wa jeshi la Kijerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa akitaka kuvuka bara zima la Afrika hadi Swakopmund, kwenye pwani ya magharibi. Motokaa yake, iliyoinuliwa juu makusudi ili ipite visiki na mawe, ilitoka katika kiwanda cha Gaggenau, ambacho mwaka uleule kampuni ya Benz ilianza kuwa na ubia nacho, na baada ya miaka michache kikawa mali yake kabisa. Alifika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909. Ulaya ilimshangilia kama shujaa.

Tuitazame safari hiyo kwa macho yetu. Barabara hazikuwapo wala vituo vya mafuta, kwa hiyo mafuta yalilazimika kutangulizwa mbele, na kilichoyatanguliza kilikuwa mabega ya watu. Gari lilipoharibika liliketi likingoja vipuri kutoka Ujerumani. Lilipozama mtoni au matopeni lilivutwa kwa kamba na wenyeji. Picha zake zipo, na katika hizo utamwona bwana mkubwa na wavutaji wengi wasioandikwa majina. Ukumbuke pia kwamba mwezi huo wa Agosti 1907 moto wa Maji Maji ulikuwa ndiyo kwanza umezimwa, na njaa ilikuwa imewamaliza watu wa kusini. Vita ile ilianzia Umatumbi mwaka 1905, watu walipochoka kulimishwa pamba kwa nguvu. Motokaa na pamba, ndugu msomaji, zimefuatana katika historia yetu tangu siku hizo.

Huku kwetu pamba ilikuja kustawi kwa njia nyingine, kwa jembe la mkulima katika shamba lake mwenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wasukuma walichoka kupunjwa mizani na wanunuzi, wakaanza kuunda vyama vyao. Mwaka 1955 vyama hivyo vilikusanyika katika Shirikisho la Victoria, VFCU, chini ya uongozi wa Paul Bomani, na shirikisho hilo likawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. Lilikuwa na viwanda vyake vya kuchambua pamba. Mkulima wa Mwamapalala aliyeuza pamba gulioni aliweza kusema, bila uongo, kwamba kiwanda kile ni chake.

Hapo ndipo nilipoiona sura ya kwanza ya ile nyota. Wakati wa msimu lori za kila aina zilikuja kuchukua pamba: Bedford na Leyland za Mwingereza, na zile za Benzi zenye pua fupi ya mviringo, ambazo Wajerumani walianza kuzitengeneza mwaka 1959. Aliyepita katika udongo wetu mweusi wa mbugani baada ya mvua ya siku moja hahitaji kuelezwa. Udongo ule humshika ng'ombe, sembuse lori lenye shehena ya pamba kupita kimo cha nyumba. Madereva waliiheshimu Benzi kwa sababu ilinguruma pole pole na kutoka. Mmoja wao alituambia sisi watoto kwamba Benzi ni kama ng'ombe dume wa plau: haina haraka, lakini haiachi kazi katikati. Katika mawazo yetu ya kitoto nyota ile ilikuwa alama ya kazi, na mali ya wakulima kama vile mizani ya chama.

Sifa hiyo ya uimara haikuwa maneno matupu. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika nchi zetu tatu, Benzi ilishinda mara tatu mfululizo: mwaka 1959 na 1960 ikiendeshwa na Bill Fritschy, na mwaka 1961 na John Manussis. Matope yaliyoangusha magari mengine yalikuwa matope yetu, na wanunuzi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam waliona kwa macho yao.

Ndipo ikaja sura ya pili. Uhuru ulipopatikana nafasi za wakoloni zilikuwa wazi, na waliozijaza walirithi mishahara, nyumba za ufukweni na viti vya nyuma vya motokaa. Wananchi, ambao hawakosi jina la kumpa mtu, waliwaita naizi, kwa kulikata lile neno refu la Afrikanaizesheni. Kisha likatokea jina lililokaa vizuri zaidi. Mswahili akitaka kuwataja watu wa asili moja huweka WA mbele: Wasukuma, Wahaya, Wataturu. Basi wakaitwa Wabenzi. Hili lilikuwa kabila jipya, lisilo na mtemi wala mipaka, lisilo na jando wala mahari, ambalo mtu huzaliwa ndani yake akiwa na umri wa miaka arobaini, siku anapokabidhiwa ufunguo. Neno hilo lilitumika Kenya na Tanzania tangu miaka ya 1960, likavuka hadi magazeti ya Ulaya. Mtaalamu wa siasa angehitaji kitabu kizima kueleza tabaka jipya la watawala; kabwela alilieleza kwa neno moja.

Hilo ndilo jibu la kijana wangu wa kidato cha pili. Lakini asidhani kwamba Wabenzi walikaa mjini tu. Mwaka 1966 tume maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, ikakuta kwamba katika vyama vingi wanachama hawakuelewa tena mambo ya chama chao, na kwamba hesabu hazikuwa safi. Kwa mkulima maana yake ilikuwa rahisi: lori iliyobeba pamba yake iliondoka gulioni na nyota mbele, na baada ya miezi, malipo yakiwa yamecheleweshwa, ilirudi motokaa nyeusi na nyota ileile ikimleta mtu wa kumweleza kwa nini. Wazee wetu hawakuwa na chuki na gari. Walikuwa wakijumlisha na kutoa.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza, lakini alijikata na yeye mshahara kwa asilimia 20. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na miiko yake ya uongozi ilikuwa wazi: kiongozi asiwe na hisa katika makampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Mwezi Oktoba 1967 Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio lake.

Msomaji makini atagundua kwamba miiko ile haikutaja motokaa. Nadhani ilikuwa sawa. Benzi ilikuwa moshi; Azimio lilitafuta moto. Hata hivyo moshi ndio unaoonekana kwa mbali, na Serikali yenyewe iliendelea kuwa na Benzi kwa shughuli za dola. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipowakataza viongozi majivuno, ubadhirifu na dharau, wafanyakazi waliusoma wakiitazama maegesho ya meneja.

Jirani zetu walikuwa na njia zao. Uganda, baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, waliogawiwa maduka waliitwa mafuta mingi, na kwao pia nyota ilikuwa hati ya kuzaliwa upya. Kwetu vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, petroli ikawa adimu, na ikafika wakati magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri. Mkulima aliona kwamba Wabenzi wamepungua, ila na lori la pamba nalo limepungua. Hilo nalisema kwa sababu baadhi ya rafiki zangu huzisimulia zama zile kana kwamba hazikuwa na upande wa pili.

Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza miiko, na wakubwa wakapata wanyama wapya: Toyota ndefu zenye vioo vyeusi, ambazo wananchi walizibatiza mashangingi. Kenya, bajeti ya mwaka 2009 iliwataka mawaziri waachane na magari yenye injini kubwa, nao wakanunuliwa Volkswagen Passat, ambayo nayo ni ya Mjerumani. Sijui kama aliyechagua alitabasamu.

Kiwanda cha Gaggenau kiliendelea baada ya Graetz. Tangu mwaka 1951 hadi 2002 kilitengeneza Unimog, gari la kazi lililobuniwa kwa ajili ya mashamba, lenye nyota ileile. Nimekuwa nikitafuta picha ya lori lolote la Benzi likipakia pamba huku kwetu kabla ya mwaka 1976, lenye watu wakionekana nyuso. Mhitimu ambaye baba yake au babu yake alikuwa dereva, utingo au karani wa gulio, na ambaye ana picha hiyo sandukuni, namwomba aje nayo siku ya mkutano, na majina ya waliomo ayaandike nyuma kwa kalamu.