Kuvutwa au Kubanwa: Ubishi Mrefu wa Bonde la Ufa

Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, wanajiolojia walioichunguza Afrika Mashariki walikuwa kambi mbili. Kambi moja ilisema Bonde la Ufa lilitokea ardhi ilipovutwa huku na huku mpaka ikapasuka, na kipande cha katikati kikadidimia. Nyingine ilishika kinyume chake kabisa: ardhi ilibanwa kutoka pande zote mbili, kingo zikapanda juu, na kipande cha katikati kikakandamizwa chini. Wote walitazama magenge yaleyale na kupima miamba ileile. Nyuma ya ubishi wao lilisimama swali kubwa kuliko bonde lenyewe: je, mabara hutembea?

Habari za bonde hili ziliingia katika vitabu vya Ulaya kupitia misafara ya watu wa pwani. Wafanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani na Mombasa walizijua njia za bara, na mmoja wao, Jumbe Kimemeta wa Pangani, alifuatana na Mskoti Joseph Thomson alipovuka nchi ya Wamasai mwaka 1883. Miaka minne baadaye Kimemeta huyohuyo alisafiri na Samuel Teleki pamoja na Ludwig von Höhnel, wakafika Ziwa Turkana Machi 1888. Von Höhnel akachora ramani za safari hiyo. Jina la Kimemeta hutajwa kwa nadra inaposimuliwa historia ya jiolojia, na hilo si haki, kwa sababu ramani zile zisingechorwa bila watu walioijua njia.

Huko Vienna, mtaalamu Eduard Suess alizisoma habari za msafara huo. Mwaka 1891 alichapisha maelezo yaliyounganisha mambo ambayo wengine waliyaona mbalimbali: bonde la Bahari ya Chumvi, Bahari ya Shamu, nyanda za Ethiopia na mabonde ya maziwa ya Afrika Mashariki. Yote, alisema, ni mfumo mmoja wa nyufa, na ufa wa namna hiyo hauwezi kutokea pasipo ardhi kuvutwa. Kosa lake lilikuwa katika sababu ya mvuto huo. Kama wengi wa zama zake, aliamini dunia inapoa na kusinyaa.

Mwaka 1893 John Walter Gregory, kijana wa makumbusho ya London, aliondoka Mombasa na wapagazi wa pwani, akateremka magenge mpaka Naivasha, akaendelea hadi Baringo. Alichotaka kujua ni kama bonde lilichimbwa na mito. Alilinganisha miamba ya kingo na ya sakafu, akaridhika kwamba hakuna mto uliolichonga. Ardhi yenyewe ilishuka kwa mkupuo mkubwa huku kingo zikibaki mahali pake. Kitabu chake cha mwaka 1896 kililitangaza bonde duniani kote, na mkono wa mashariki wa bonde hilo unaitwa kwa jina la Gregory hadi leo.

Kisha akaja Alfred Wegener. Januari 1912 huko Frankfurt, Mjerumani huyu alieleza kwamba mabara yote yaliwahi kuwa nchi moja kisha yakaachana, na baadaye akalitaja Bonde la Ufa kuwa mfano wa bara linaloanza kupasuka. Wengi walimkataa, kwani hakuweza kuonyesha nguvu inayoyasukuma mabara. Alifariki Greenland mwaka 1930 kabla hajakubaliwa. Mwingereza Arthur Holmes, aliyewahi kutafuta madini Msumbiji mwaka 1911 akiwa mwanafunzi, alipendekeza kwamba miamba ya moto chini ya tabaka la juu huzunguka polepole sana, ikipanda inapopata joto na kushuka inapopoa, na mzunguko huo ndio unaobeba mabara. Wazo hilo lilikuwa karibu sana na lile tunalolijua leo, lakini nalo halikupata wafuasi wengi.

Katika hali hiyo, nadharia ya kubanwa ilipata nguvu. E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya Uganda, alikuwa na hoja nzito mbele ya macho yake: milima ya Rwenzori. Kilele chake kina mita 5,109, nacho kimesimama ndani ya bonde lenyewe. Kama ardhi ilivutwa na kudidimia, mlima huo ulipandaje? Wayland alijibu kwamba ulisukumwa na mbano. Mmarekani Bailey Willis, aliyezunguka Afrika Mashariki, alikubaliana naye katika kitabu cha mwaka 1936.

Mwaka huohuo ulitoka ushahidi ulioonekana kumaliza maneno. Edward Bullard, msomi wa Cambridge ambaye hakuwa hata amefikisha miaka 30, alikuwa amezunguka Afrika Mashariki na chombo chenye timazi. Timazi hubembea polepole zaidi mahali ambapo mvutano wa dunia umepungua, na Bullard aligundua kwamba mvutano ndani ya bonde ni mdogo kuliko ilivyotarajiwa. Maana yake, chini ya bonde kuna miamba myepesi. Lakini miamba myepesi ingepaswa kupanda juu. Akahitimisha kwamba inazuiwa na kingo zinazoilalia kutoka pande zote mbili, kama gogo linaloshikiliwa chini ya maji lisielee. Vipimo vyake vilikuwa sahihi. Tafsiri ndiyo iliyokosea, na kwa kuwa ilibebwa na tarakimu, ilikuwa vigumu kuipinga.

Jibu lilianza kutoka baharini. Mwaka 1952 huko New York, Marie Tharp alikuwa akichora sakafu ya Atlantiki kwa vipimo vilivyoletwa na mabaharia, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kupanda meli za utafiti. Aliona kwamba safu ya milima iliyo katikati ya bahari ina bonde refu juu ya mgongo wake. Mwenzake Bruce Heezen aliyapuuza maneno hayo kuwa porojo za wasichana. Mambo yalibadilika vituo vya matetemeko vilipowekwa juu ya ramani vikaangukia ndani ya bonde hilo hilo. Walipotafuta nchi kavu kitu cha kulinganisha nacho, walikuta umbo lile na matetemeko yale katika Bonde la Ufa. Bonde lililobishaniwa Nairobi na Entebbe lilikuwa na ndugu chini ya bahari zote za dunia.

Mwaka 1962 meli ya Kiingereza Owen ilipima sumaku ya miamba juu ya tuta la Carlsberg, chini ya Bahari ya Hindi, mashariki ya Somalia. Mwamba unaopoa huhifadhi mwelekeo wa sumaku ya dunia wa wakati ule, na sumaku hiyo imewahi kugeuka mara nyingi, kaskazini ikawa kusini. Fred Vine na Drummond Matthews walieleza mwaka 1963 kwamba sakafu mpya huzaliwa katikati ya tuta na kusogea pande zote mbili, ikiacha mistari ya sumaku inayopishana. Bahari hupanuka, na mabara yaliyo ukingoni husogea nayo.

Vine na Matthews walifanya kazi katika idara ya Cambridge iliyoongozwa na Edward Bullard. Yeye mwenyewe alikuwa amebadili mawazo, na mwaka 1965 alichapisha na wenzake hesabu ya kompyuta iliyoonyesha jinsi Afrika na Amerika Kusini zinavyooana. Mwanafunzi wake Dan McKenzie, pamoja na wenzake wawili, alieleza mwaka 1970 kwa lugha ya mabamba, yaani vipande vikubwa vya tabaka la juu la dunia vinavyotembea, jinsi Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki zinavyofunguka. Mimi naona hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika historia hii. Mtu aliyewapa wapinzani silaha yao kali kuliko zote hakuing'ang'ania.

Uchunguzi wa kulipua baruti na kusikiliza mitetemo, uliofanyika Kenya mwaka 1985 na 1990, ulionyesha kwamba tabaka la juu lina unene wa takriban kilomita 35 chini ya Naivasha na 20 hivi chini ya Turkana. Limevutwa likawa jembamba. Miamba ya moto iliyo chini yake ni myepesi, na wepesi huo ni sababu moja ya timazi ya Bullard kubembea polepole. Leo setilaiti hupima mwendo wenyewe: kaskazini mwa Ethiopia bamba la Somalia linaachana na sehemu nyingine ya Afrika kwa milimita 6 au 7 kwa mwaka, na kasi hupungua kuelekea kusini.

Mwendo huo haulingani kila siku. Mwaka 2005 katika jangwa la Afar, ardhi ya urefu wa kilomita 60 hivi ilifunguka kwa siku chache, mahali pengine kwa mita 8. Julai 2007 karibu na Ziwa Natron kulitokea mfululizo wa matetemeko, mojawapo la ukubwa wa 5.9, na miezi miwili baadaye Ol Doinyo Lengai ikalipuka kwa nguvu. Lakini ufa uliokata barabara karibu na Mai Mahiu mwaka 2018, uliosambaa mitandaoni kama habari ya Afrika kugawanyika, wanajiolojia wengi waliueleza kuwa kazi ya mvua kubwa iliyozoa majivu ya zamani ya volkano.

Hofu ielekezwe panapostahili. Desemba 13, 1910, tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4 lilitikisa eneo la Rukwa na kusini mwa Ziwa Tanganyika. Wakati huo hapakuwa na miji mikubwa kandokando ya mkono wa magharibi wa bonde. Sasa ipo Sumbawanga, Kigoma, Bujumbura, Bukavu na Goma. Mwaka 2016 tetemeko la 5.9 tu liliua watu Kagera, katika nyumba zilizojengwa kwa tofali dhaifu. Serikali za nchi hizi ziongeze vituo vya kupima matetemeko, zisomeshe vijana wa kuvisoma, na zidai shule na hospitali za ukanda huu zijengwe kwa nondo na saruji ya kutosha.