Msamiati wa Kiingereza wa Wanyama na Maumbile

Msamiati wa Kiingereza wa wanyama na maumbile ni jumla ya maneno ambayo lugha hiyo hutumia kutaja mifugo, wanyamapori, ndege, samaki, wadudu, mimea, sura ya nchi, hali ya hewa na vilivyoko angani. Ni miongoni mwa maneno ya kwanza anayofundishwa mtoto wa Afrika Mashariki aingiapo darasa la Kiingereza, na mara nyingi hufundishwa kama orodha ya kukariri. Inasikitisha, maana maneno haya yana mpangilio wake. Kiumbe aliyeishi jirani na mkulima wa Uingereza ya kale ana jina fupi, kongwe, ambalo aghalabu hukaidi kanuni za sarufi. Kiumbe aliyejulikana baadaye, kwa biashara au kwa safari za baharini, ana jina la kigeni lililokuja na historia yake, na wingi wake kwa kawaida hauna matata.

Zizini na angani

Waanglo-Saksoni walianza kuhamia Uingereza katika karne ya 5, wakitoka pande za kaskazini za Ujerumani na Denmark. Walikuwa wafugaji na wakulima, na majina ya mifugo yao ndiyo yanayotumika hadi leo: ‘cow’ ni ng’ombe jike, ‘ox’ maksai, ‘calf’ ndama, ‘sheep’ kondoo, ‘lamb’ mwanakondoo, ‘goat’ mbuzi, ‘horse’ farasi, ‘hen’ kuku jike, ‘goose’ bata bukini, ‘mouse’ panya mdogo, ‘bee’ nyuki, ‘fish’ samaki. Walikuja pia na ‘sun’ kwa jua, ‘moon’ kwa mwezi, ‘star’ kwa nyota, ‘sea’ kwa bahari, ‘wind’ kwa upepo, ‘rain’ kwa mvua, ‘stone’ kwa jiwe, ‘tree’ kwa mti na ‘leaf’ kwa jani. Karibu yote ni ya silabi moja. Kijerumani, ambacho ni ndugu wa Kiingereza, kinayo mengi ya maneno hayo kwa sura inayokaribiana: samaki ni ‘Fisch’, jua ni ‘Sonne’, nyota ni ‘Stern’.

Sura zimedumu, lakini baadhi ya maana zimehama. ‘Deer’ leo ni mnyama anayefanana na swala, ambaye dume lake huangusha pembe zake zenye matawi na kuota nyingine kila mwaka. Zamani neno hilo lilimaanisha mnyama yeyote, na ‘Tier’ la Kijerumani bado lina maana hiyo. ‘Fowl’ lilikuwa jina la ndege wote, na ‘bird’ lilikuwa kinda tu. Sasa ‘bird’ ndilo limetwaa jamii nzima, na ‘fowl’ limebaki zaidi kwa kuku na jamaa zake. Mbwa aliitwa ‘hound’ kabla ya ‘dog’, neno ambalo asili yake haijulikani, kulisukuma pembeni hadi likabaki la mbwa wa kuwindia. Wingu nalo, ‘cloud’, ni neno lililokuwa likitaja jabali au kilima. Mtu akitazama wingu zito la masika likijijenga juu ya upeo wa macho ataona mara moja jinsi maana hiyo ilivyopanda kutoka ardhini hadi angani.

Wingi unaotatiza

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, na ndipo panapostahili maelezo ya kutosha. Kwa kawaida wingi wa Kiingereza hupatikana kwa kuongeza ‘s’ mwishoni. Wanyama wa kale wa nyumbani ndio wavunjaji wakubwa wa kanuni hiyo: panya mmoja ni ‘mouse’, wengi ni ‘mice’, chawa mmoja ni ‘louse’, wengi ni ‘lice’, bata bukini mmoja ni ‘goose’, wengi ni ‘geese’.

Sababu yake ni ya kimatamshi. Kabla Kiingereza hakijaanza kuandikwa, wingi wa maneno hayo ulikuwa na kiambishi cha mwisho chenye sauti ya ‘i’. Ulimi, ukijiandaa kutamka ‘i’ hiyo, ulisogea mbele mapema na kuivuta irabu iliyotangulia. Baadaye kiambishi kilidondoka, lakini irabu iliyokwisha kuvutwa haikurudi mahali pake, nayo ikabaki kuwa alama pekee ya wingi. Maneno ‘foot’ na ‘tooth’, yaani mguu na jino, yalipitia njia hiyohiyo.

Kwa hiyo mabadiliko haya ni ya maneno yaliyokuwamo katika lugha wakati huo tu. Nguchiro huitwa ‘mongoose’, jina lililotoka India, na wingi wake ni ‘mongooses’, ingawa sikio linatamani kusema vinginevyo. ‘Moose’, mnyama mkubwa wa misitu ya kaskazini, alipata jina lake la Kiingereza kutoka kwa wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, na wingi wake ni ‘moose’ vilevile. Mwanafunzi anayefahamu kwamba majina hayo mawili ni wageni hawezi kuyachanganya na ‘geese’.

‘Ox’ hugeuka kuwa ‘oxen’, mabaki ya aina ya wingi iliyokuwa ya kawaida zamani. ‘Calf’, ‘wolf’ na ‘leaf’ hubadili ‘f’ kuwa ‘v’ zinapokuwa nyingi. ‘Sheep’ na ‘deer’ hazibadiliki kabisa, na hapa mzungumzaji wa Kiswahili yuko nyumbani. Sisi pia husema kondoo anakula na kondoo wanakula. Umoja na wingi huonekana kwenye kitenzi. Ndivyo ilivyo kwa ‘sheep’, na mwalimu anayewakumbusha watoto upatanisho wa lugha yao wenyewe ataokoa muda mwingi.

Yai la Waviking na nyama ya Wanormani

Kati ya karne ya 8 na ya 11 Waviking kutoka Skandinavia walivamia Uingereza na wengi wao wakalowea. Kutoka kwao yalipatikana ‘sky’, lililomaanisha wingu kwao na likawa anga kwa Waingereza, ‘root’ kwa mzizi, na ‘egg’ kwa yai. Neno hili la mwisho lilichukua karne nyingi kushinda. William Caxton, mpiga chapa wa kwanza wa Uingereza, alisimulia mwaka 1490 habari za wafanyabiashara waliokwama kwenye mto Thames kwa kukosa upepo. Mmoja wao alishuka nchi kavu, akamwomba mama wa nyumba mayai kwa kusema ‘egges’. Mama akajibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mwombaji alikasirika, kwani hata yeye hakukijua. Mwenzake alipotaja ‘eyren’, neno la zamani la Kiingereza, ndipo mama yule akaelewa.

Mwaka 1066 William wa Normandy aliiteka Uingereza, na Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa kwa muda mrefu. Ndiyo maana ‘river’, ‘mountain’, ‘valley’, ‘forest’, ‘flower’ na ‘fruit’, yaani mto, mlima, bonde, msitu, ua na tunda, yana asili ya Kifaransa. Kiingereza pia hutenga jina la mnyama hai na la nyama yake. Ng’ombe aliye malishoni ni ‘cow’, akiwa sahanini ni ‘beef’; nguruwe ni ‘pig’, nyama yake ‘pork’; kondoo ni ‘sheep’, nyama yake ‘mutton’. Walter Scott, katika riwaya yake Ivanhoe ya mwaka 1819, aliieneza fikra kwamba mtwana wa Kiingereza ndiye aliyechunga na bwana wa Kinormani ndiye aliyekula. Fikra hiyo ina ukweli ndani yake, lakini mpaka haukuwa mkali hivyo tangu mwanzo. Kwa karne kadhaa ‘beef’ lilitaja pia ng’ombe hai, likiwa na wingi wake ‘beeves’. Samaki na mwanakondoo hawakupata jina la pili. Mbuzi naye, ambaye nyama yake ndiyo tuipendayo zaidi kwa kuchoma, kwa kawaida ni ‘goat’ zizini na ‘goat’ mezani.

Wanyama wa mbugani

Hakuna sehemu ya msamiati huu inayotuhusu kuliko hii. Majina ya Kiingereza ya wanyama wa Serengeti na Maasai Mara karibu yote yalitoka mbali. Kiboko ni ‘hippopotamus’, maana yake kwa Kigiriki ni farasi wa mtoni. Kifaru ni ‘rhinoceros’, mwenye pembe puani, Kigiriki tena. Mamba ni ‘crocodile’, fisi ni ‘hyena’, tembo ni ‘elephant’, na yote matatu yalipitia kwa Wagiriki na Warumi. Twiga ni ‘giraffe’, kutoka ‘zarafa’ la Kiarabu. Kabla yake Waingereza walimwita kwa jina lenye maana ya ngamia-chui, kwa ajili ya shingo na madoa. Swala ni ‘gazelle’, pia kutoka Kiarabu. Duma ni ‘cheetah’, kutoka Kihindi. Punda milia ni ‘zebra’, jina ambalo huko Ureno na Uhispania lilikuwa la punda mwitu wa nchi hizo kabla ya kuhamishiwa kwa mnyama wa Afrika.

Makaburu wa Afrika Kusini walichangia ‘wildebeest’ kwa nyumbu wa mbugani na ‘aardvark’, nguruwe wa ardhini, kwa muhanga. Lugha za Afrika zina sehemu yake: ‘impala’ ni Kizulu, ‘tsetse’ la mbung’o ni Kitswana, ‘chimpanzee’ la sokwe lilitoka katika lugha ya Kibantu ya pande za Kongo na kuingia Kiingereza katika karne ya 18. Kiswahili kimetoa ‘kongoni’, pamoja na neno ‘safari’ ambalo Waingereza walilichukua katika karne ya 19 na kulifanya la kwenda kuwinda, na sasa kutazama, wanyamapori.

Neno moja linahitaji tahadhari. ‘Mamba’ la Kiingereza, lililotoka Kizulu, ni nyoka mwenye sumu kali, yule tumwitaye koboko. Msomaji wa Kiswahili akilikuta katika kitabu cha Kiingereza asimtafute mnyama wa mtoni.

Kuna hadithi inayozunguka kwamba ‘kangaroo’ maana yake ni “sijui”, eti mwenyeji wa Australia alimjibu hivyo mzungu aliyemuuliza jina la mnyama. Si kweli. Neno hilo lilinukuliwa mwaka 1770 na watu wa meli ya James Cook kutoka kwa wazungumzaji wa Guugu Yimithirr, na katika miaka ya 1970 mwanaisimu John Haviland, aliyekuwa akiichunguza lugha hiyo, alithibitisha kwamba ‘gangurru’ ni jina halisi la aina mojawapo ya kangaruu. Hadithi ile inawadhalilisha watu waliowajua wanyama wao vizuri, na haifai kurudiwa darasani.

Majira

Kiingereza kina majira manne: ‘spring’ la machipuko, ‘summer’ la joto, ‘autumn’ la majani kudondoka, ambalo Marekani huitwa ‘fall’, na ‘winter’ la baridi. Kuyalinganisha na masika, kiangazi, vuli na kipupwe moja kwa moja ni kosa la kawaida la vitabu, kwani masika ni mvua, si machipuko ya baada ya theluji. Waingereza wakiandika habari za huku hulazimika kusema mvua ndefu na mvua fupi. Kwa kaskazi na kusi wana ‘monsoon’, neno lililotokana na ‘mawsim’ la Kiarabu kwa kupitia Kireno. Neno letu ‘msimu’ limetoka hukohuko.

Watoto na makundi

Mtoto wa ng’ombe ni ‘calf’, na jina hilo hutumika pia kwa wa tembo, kiboko, twiga na nyangumi. Wa simba na chui ni ‘cub’, wa mbuzi ‘kid’, wa kuku ‘chick’. Kwa makundi yatosha ‘herd’ la ng’ombe na wanyama wakubwa, ‘flock’ la kondoo na ndege, ‘swarm’ la nyuki, ‘shoal’ la samaki na ‘pride’ la simba. Orodha ndefu za majina ya makundi zinazopendwa katika mitihani zina mizizi katika kitabu cha mwaka 1486 kilichochapishwa Saint Albans, na mengi yaliyomo hayatumiki katika mazungumzo ya kila siku.

Maneno ya kuanzia

Mwaka 1930 Charles Kay Ogden alitoa Kiingereza chake cha msingi chenye maneno 850. Katika sehemu ya vitu vinavyoweza kuchorwa aliweka sisimizi, nyuki, ndege, paka, ng’ombe, mbwa, samaki, nzi, mbuzi, farasi, tumbili, nguruwe, panya, kondoo, nyoka na mnyoo. Simba na tembo hawamo. Huo ni uamuzi wa busara, kwa sababu watu wengi duniani humwona nzi kila siku.

Huko Uingereza kwenyewe msamiati huu umezua mjadala. Kamusi ya watoto ya Oxford ya mwaka 2007 iliacha maneno kama ‘acorn’ la tunda la mwaloni, ‘kingfisher’ la ndege mdiria na ‘otter’ la fisi-maji, huku ikiingiza ya kompyuta na intaneti. Waandishi kadhaa walipinga, na mwaka 2017 Robert Macfarlane na mchoraji Jackie Morris walitoa kitabu cha kuyarudisha mengi ya maneno hayo kwa watoto. Walikuwa na haki. Walimu wetu wa madarasa ya chini nao wana nafasi ya kuchagua: mtoto wa Kilwa aanze na ‘fish’, ‘sea’ na ‘wind’, wa Dodoma na ‘goat’, ‘dust’ na ‘rain’, naye aoneshwe kwanza kitu chenyewe nje ya darasa, na kukitaja kwa Kiswahili, kabla ya kupewa jina la Kiingereza.