Kuondoka kwa Kamanda Sinclair

Mtazamaji wa mchezo wa kuigiza hana mkataba wowote na mwigizaji, lakini siku mwigizaji anapoondoka hudai kama mtu aliyevunjiwa mkataba. Hutaka aelezwe sababu. Asipoelezwa hujitungia yake, na akishaitunga huisadiki. Jambo hili nimeliona katika michezo ya kila aina, lakini sijaliona likiwa kali kama katika michezo ya mfululizo ya televisheni inayohusu sayansi ya kubuni, yaani hadithi za vyombo vya angani, sayari za mbali na watu wa karne zijazo. Washabiki wa michezo hiyo hawaitazami tu, bali huihifadhi. Watakwambia neno alilolisema fulani katika sehemu ya tano, na kwa nini halipatani na alilolisema katika sehemu ya kumi na nne. Watu wenye kumbukumbu ya namna hiyo hawawezi kunyamaza mmoja anapotoweka.

Historia ya madai hayo ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1963 BBC ya Uingereza ilianzisha Doctor Who, na mhusika wake mkuu aliigizwa na mzee William Hartnell. Kufikia mwaka 1966 afya ya Hartnell ilikuwa imezorota kwa maradhi ya mishipa ya damu, hata kukumbuka maneno yake kukawa taabu. Watayarishaji wakabuni hila iliyouokoa mchezo: mhusika huyo, kwa kuwa si binadamu wa dunia hii, aliweza kubadilika mwili mzima. Tarehe 29 Oktoba 1966 Hartnell alianguka sakafuni mbele ya watazamaji, na aliyeinuka alikuwa mtu mwingine, Patrick Troughton. Wapo waliofurahi na wapo waliochukia. Lakini wachache sana miongoni mwao walijua kwamba waliyemwona akianguka alikuwa mgonjwa kweli.

Baadaye washabiki walijifunza kudai kwa nguvu zaidi. Gates McFadden alipoondolewa katika Star Trek: The Next Generation baada ya mwaka wa kwanza, barua ziliandikwa, na katika mfululizo wa tatu, mwaka 1989, alirudi. Michael Shanks alipojitoa katika Stargate SG-1 baada ya mfululizo wa tano, kwa kuona kwamba mhusika wake hapewi nafasi ya kutosha, watu walifanya kampeni ya kumtaka arudi, naye mwaka 2003 akarudi. Visa hivi viliwapa washabiki fundisho moja: piga kelele, ueleze hasira yako, nawe huenda ukasikilizwa. Kisa ninachotaka kukisimulia hapa kinafundisha jambo jingine kabisa.

Mwaka 1994 stesheni ya Channel 4 ya Uingereza ilianza kuonyesha mchezo wa Kimarekani uitwao Babylon 5. Wakati huo nilikuwa nikiishi huko, na tulikuwa watu watatu wa Afrika Mashariki tuliozoea kukutana chumbani kwa mwenzetu mmoja kuutazama. Ulikuwa mchezo wa namna yake. Mtunzi wake, J. Michael Straczynski, alikuwa ameupanga tangu mwanzo kama riwaya moja ndefu itakayosimuliwa kwa miaka mitano, si visa vilivyotengana. Hadithi yenyewe inatokea katika karne ya ishirini na tatu, kwenye kituo kikubwa cha angani chenye wakazi robo milioni, ambako mataifa ya sayari mbalimbali hukutana ili kuepusha vita nyingine. Msimamizi wa kituo hicho alikuwa Kamanda Jeffrey Sinclair, na aliyemwigiza alikuwa Michael O'Hare, mzaliwa wa Chicago wa mwaka 1952.

Sinclair hakuwa shujaa wa kupiga kelele. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye kubeba jambo zito kifuani. Katika vita vya zamani, siku ya mapambano ya mwisho, alikuwa amepoteza saa 24 za maisha yake. Hakukumbuka alikuwa wapi wala alifanywa nini. Mfululizo wote wa kwanza, sehemu 22, ulikuwa ukizunguka pengo hilo, na sisi tuliokuwa tukiutazama tulikuwa tayari kungoja miaka minne mingine tulijue.

Kabla ya mfululizo wa pili habari zikatoka kwamba O'Hare anaondoka. Nafasi ya usimamizi wa kituo ikachukuliwa na mhusika mpya, Kapteni John Sheridan, aliyeigizwa na Bruce Boxleitner, mtu ambaye watazamaji wa Marekani walikwisha kumfahamu kwa filamu ya Tron ya mwaka 1982 na michezo mingine. Ndani ya hadithi, Sinclair alisemekana kupelekwa kuwa balozi katika sayari nyingine. Nje ya hadithi, Straczynski alieleza kwamba yeye na O'Hare wameachana kwa kukubaliana na bila ugomvi, na kwamba mwendo wa hadithi ulihitaji mtu mwenye historia tofauti na ile ya Sinclair.

Ni maelezo ya adabu, na maelezo ya adabu ndiyo yasiyoaminiwa kabisa. Wako waliosema wakubwa wa televisheni walitaka jina kubwa zaidi. Wako waliosema O'Hare ni mkavu, hajui kuigiza, na kwamba mtunzi alikuwa akimsitiri asimwaibishe. Wako waliosema aligombea mshahara. Hata chumbani kwetu mjadala haukuisha. Mwenzetu mmoja alikuwa akisema, "Huyu kafukuzwa kazi, bwana, wanatuficha tu," na mwingine akimjibu kwamba mtu aliyefukuzwa haalikwi tena. Kwa maana kweli Sinclair alialikwa tena: alionekana kwa muda mfupi katika mfululizo wa pili, kisha mwaka 1996, katika sehemu mbili zilizofuatana, alirudi kuimaliza hadithi yake. Humo anakubali kurudishwa nyuma miaka ipatayo elfu moja, aende akawe kiongozi wa watu wasio wa kabila lake wala wa sayari yake, huku akijua kuwa hatarudi. Baada ya hapo hakuonekana tena katika mchezo huo.

Michael O'Hare alifariki tarehe 28 Septemba 2012, akiwa na umri wa miaka 60, siku chache baada ya kushikwa na maradhi ya moyo. Mwezi Mei 2013, katika mkutano wa washabiki mjini Phoenix, Arizona, Straczynski alisimama mbele ya watu akaeleza kilichotokea. Wakati wa kutengeneza mfululizo wa kwanza, O'Hare alikuwa akiugua akili. Aliona na kusikia yasiyokuwapo, akawa na hofu ya kuandamwa, na hali ikazidi kuwa mbaya kadiri kazi ilivyoendelea. Mtunzi alijitolea kusimamisha kazi kwa miezi kadhaa ili mwigizaji wake atibiwe. O'Hare alikataa. Alijua kuwa mchezo mchanga ukisimama miezi kadhaa huenda usisimame tena, na kwamba mafundi, waigizaji na wapishi wote wanaoutegemea wangepoteza riziki kwa ajili yake. Wakapatana: atajikaza mpaka mfululizo wa kwanza uishe, kisha aondoke akatibiwe, na habari ya ugonjwa isisemwe. Matibabu yalimsaidia kwa sehemu, ndiyo maana aliweza kurudi mwaka 1996 kumaliza kazi yake.

Straczynski alimwahidi kwamba ataitunza siri hiyo mpaka aingie kaburini. O'Hare akamrekebisha: itunze mpaka mimi niingie kaburini. Alitaka washabiki waje kujua ukweli, na alitumaini kwamba habari yake ingewasaidia watu wengine wenye ugonjwa kama wake kueleweka.

Nimekuwa nikiyatafakari masahihisho hayo kwa miaka kadhaa sasa, na kila nikiyatafakari namkumbuka mjomba wangu. Alikuwa fundi cherehani pale Tanga, hodari wa kushona kanzu. Alipoanza kusikia sauti na kuzungumza na ukuta, wazee wa ukoo walikaa usiku mmoja wakaamua. Akapelekwa kwanza kwa mganga, kisha hospitali, na watu wakaambiwa amekwenda Pemba kwenye karafuu. Nia yao ilikuwa njema. Kwetu, jina la mwendawazimu halifutiki. Linamfuata mtu mpaka kwa wajukuu wake, na binti zake hawaposwi.

Lakini dukani mwake palikuwa na vitambaa vya watu. Wateja walikuja, wakakuta mlango umefungwa, na waliposikia Pemba wakafanya hesabu zao: fundi ametoroka na nguo zetu. Ndugu walivirudisha vitambaa kimoja kimoja, lakini maneno yalikwisha kutembea. Baada ya miezi minane mjomba alirudi, mkono wake ukiwa bado ni ule ule, akafungua duka. Wateja hawakuja. Mtaa mzima ulimjua kuwa mwizi, naye hakuweza kujitetea bila ya kuwafanya ndugu zake waongo. Alimaliza maisha yake akishona viraka. Sikumbuki hata siku moja kusikia kwamba kikao kile cha usiku kilimwuliza yeye anataka watu waambiwe nini.

Hapo ndipo ninapoona tofauti. Siri zote mbili zilikuwa za ugonjwa ule ule wa akili, na zote mbili zilimgharimu mwenyewe. O'Hare naye alisingiziwa: miaka kumi na minane hivi aliitwa mwigizaji mbovu na mtu aliyefukuzwa, akanyamaza. Alihudhuria mikutano ya washabiki, akasaini picha, akasikiliza maswali. Ila gharama hiyo aliilipa kwa hiari yake, akijua anachokinunua, na aliweka mpaka. Kwa lugha yetu, alichokabidhiwa Straczynski kilikuwa amana. Amana ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayesema itunzwe mpaka lini na irudishwe kwa nani. Kile walichokifanya wazee wetu hakikuwa amana, kwa sababu mwenye mali hakuulizwa.

Sasa nini haki ya mshabiki? Swali hili halina budi kujibiwa, maana wapo waliosema baada ya mwaka 2013 kwamba wangeambiwa mapema wasingemsema vibaya. Huenda ni kweli. Lakini tufikiri ingekuwaje kama wangeambiwa mwaka 1994. Kila alipoinua macho angeitwa mgonjwa. Ile hadithi ya kamanda mwenye pengo katika kumbukumbu zake ingegeuzwa mzaha. Nani angempa kazi nyingine? Tena ahadi ya kutowasema watu vibaya haihitaji kwanza kupewa cheti cha daktari. Mtu anaweza kusema, "Sijui kwa nini ameondoka," akaishia hapo, na asipungukiwe na kitu.

Wala sidhani kwamba mtunzi aliwadanganya. Aliyoyasema juu ya mwendo wa hadithi yalikuwa na ukweli wake. Sheridan kweli alikuwa na mke aliyepotea katika safari ya anga, na kifo cha mke huyo kilifungamana na vita vilivyokuwa vinakuja, jambo ambalo Sinclair hakuwa nalo. Kuachana kwao kweli hakukuwa na ugomvi. Alisema sehemu ya ukweli iliyokuwa yake kuisema, akaiacha ile isiyokuwa yake. Wahenga wanasema siri ya mtungi iulize kata. Kata iliulizwa miaka yote hiyo, ikajibu kwa heshima kiasi cha kutomvunja mwenye mtungi, na siku iliyoruhusiwa ikasema yote.

Jambo moja zaidi. Washabiki walidhani katika kisa hiki wao ndio waliopoteza. Walinyang'anywa kamanda wao, na hadithi waliyoahidiwa ikabadilishwa njia. Kumbe aliyekuwa akiwahesabu ni yeye. Katika mapatano yale ya mwaka 1994 aliwaza kwanza kazi za wenzake, halafu akawaza watazamaji wasiomjua, kwamba nao siku moja waambiwe. Sijui watu wengi ambao, katikati ya hofu ya namna ile, wangekumbuka kuwa kuna watu mahali fulani wanaongoja jibu.

Siku hizi nikiuangalia tena mfululizo ule wa kwanza, nakuta kuna sehemu ambamo Sinclair amefungiwa ndani ya akili yake mwenyewe na watu wanaomhoji usiku kucha, katika kituo kilicho kitupu, asijue lipi la kweli na lipi la kutengenezwa. O'Hare aliigiza sehemu hiyo akiwa katika hali ile aliyokuwa nayo. Nimewasikia waliosema uso wake ni mkavu. Mimi naona mtu anayechagua kila neno polepole, akihakikisha limo katika maandishi aliyopewa, kisha analisema.