Chumba cha Zambarau: Rangi, Hisia na Wakati

Tarehe 16 Oktoba 1888, katika mji wa Arles kusini mwa Ufaransa, mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh alimwandikia nduguye Theo kumweleza picha aliyokuwa akiichora ya chumba chake cha kulala. Alimhesabia rangi moja baada ya moja: kuta za zambarau iliyopauka, sakafu ya vigae vyekundu, kitanda na viti vya manjano ya siagi mpya, shuka na mito ya kijani kilichokaribia ndimu, blanketi jekundu lililokoza, dirisha la kijani, milango ya urujuani. Kusudi lake alilitaja waziwazi: picha hiyo impumzishe atazamaye. Leo picha hiyo imo katika makumbusho ya Amsterdam, na atakayesimama mbele yake haoni zambarau. Kuta ni za buluu.

Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo. Lakini kwa Van Gogh rangi haikuwa pambo. Ilikuwa ndiyo usemi wenyewe. Usemi ukibadilika, je, hisia iliyokusudiwa hubaki?

Kujibu swali hili yafaa kurudi nyuma kidogo, kwa mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul. Katika karakana ya Gobelins mjini Paris, alikosimamia utiaji rangi wa nyuzi za mapazia ya kufuma, alipelekewa malalamiko kwamba weusi wa karakana ile ulikuwa hafifu. Alipouchunguza aligundua kwamba dawa ya rangi haikuwa na kasoro. Kasoro ilitoka kwa majirani: weusi ulipofumwa kando ya buluu au zambarau, jicho liliuona umefifia. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kueleza kanuni hiyo, kwamba kila rangi huibadilisha ile iliyo kando yake, na kwamba rangi zilizo kinyume, kama nyekundu na kijani, au zambarau na manjano, hukolezana zikikutanishwa. Mwanamke wa pwani achaguaye kanga hana haja ya kusomeshwa jambo hili. Ajua vyema kwamba wekundu wa mji hubadilika kwa pindo lililouzunguka.

Wachoraji waliipokea kanuni hiyo, na Van Gogh aliisoma kwa bidii katika vitabu vya sanaa vya zama zake. Mnamo Septemba 1888 aliitumia kwa ukali. Alikesha siku tatu akichora mkahawa mmoja wa Arles uliofunguliwa usiku kucha, mchana akilala. Kuta alizitia nyekundu ya damu, katikati akaweka meza ya biliadi ya kijani, na juu akatundika taa nne za manjano. Alimweleza Theo kwamba kwa nyekundu na kijani alitaka kuonyesha tamaa za kutisha za binadamu, na kwamba mahali kama pale mtu aweza kujiangamiza. Mwezi uliofuata alichora chumba chake, na katika barua ile ile ya Oktoba alisema kitakuwa kinyume cha mkahawa ule. Rangi zile zile zinazokabiliana zimo humo, ila zimetulizwa: zambarau iliyopauka yapokea manjano ya siagi, na jicho halipiganiwi.

Hapa ndipo wakati ulipoingia. Karne ya 19 ilileta rangi nyingi mpya za viwandani, zenye mng'ao ambao wazee wa uchoraji hawakuujua. Baadhi yake zilikuwa dhaifu. Nyekundu iliyotokana na eosini, dawa iliyobuniwa katika miaka ya 1870, hufifia ikikaa mwangani. Mchoraji aliyeichanganya na buluu ili apate zambarau aliachiwa buluu peke yake. Mwaka 1890, karibu na mwisho wa maisha yake, Van Gogh alichora mashada mawili ya airisi za zambarau. Moja aliliweka mbele ya manjano ili lishtue, jingine mbele ya waridi ili lilainishe. Yale maua leo ni ya buluu, na ule waridi umekuwa karibu mweupe. Ulaini aliousema umetoweka pamoja na rangi yake.

Msiba wa chumba ni mkubwa zaidi, kwa kuwa wengi hukisoma kwa yale wayajuayo baadaye. Wajua kwamba Desemba 1888 alijikata sikio, na kwamba alifariki Julai 1890. Wakiziona kuta za buluu baridi dhidi ya kitanda cha manjano, husema huu ni upweke, huu ni wazimu unaobisha hodi. Lakini Oktoba ile alikuwa akimngojea rafiki yake Gauguin, macho yamechoka kwa kazi, na alichotaka ni usingizi. Tunamlilia mtu ndani ya chumba alichokichora ili apumzike.

Si kwamba hakujua. Aprili 1888 alikuwa amemwandikia Theo kwamba rangi mpya hazidumu, na kwa hiyo zitumiwe kwa ujasiri, hata zikiwa kali mno, kwani wakati utazilainisha kupita kiasi. Alichora akiuhesabu uharibifu. Asichoweza kukadiria ni kwamba rangi hazitafifia kwa kipimo kimoja: nyekundu ingekufa, buluu ingebaki, na mizani ya chumba ingepinduka.

Wapenzi wa tenzi wanaifahamu hali hii. Neno hukaa katika ubeti, vina vyake vimetimia na mizani haijapungua, ilhali maana iliyowaliza wasikilizaji wa kwanza imekwisha kuhama. Ndipo mhariri huweka sherehe pembeni. Mwaka 2016 makumbusho ya Chicago yalifanya jambo linalofanana na hilo: yalizikusanya picha zote tatu za chumba kile, na kwa msaada wa kompyuta yakaonyesha kando yake jinsi kuta zilivyokuwa. Picha yenyewe haikuguswa.

Hiyo ndiyo heshima ipasayo. Rangi haiuamuru moyo peke yake. Yahitaji jirani, mwanga, na mtu aliyeambiwa palipokuwa na zambarau. Sherehe haiirudishi rangi, ila humzuia msomaji asimzulie marehemu huzuni ambayo siku ile hakuwa nayo.